Msumari wa Seng'enge Usidharauliwe

(Maelezo yaliyosomwa redioni juma hili)

Ndugu msikilizaji, ukipita Mlandege, mjini Iringa, au ukitoka kuelekea mashambani, huenda ukaona ua wa seng'enge ambao nguzo zake ni nzima na waya wake haujakatika, lakini umelala chini. Mwenye ua humlaumu mbuzi wa jirani. Mara nyingi mwenye kosa ni msumari.

Msumari wa kufungia seng'enge ni ule uliopindwa kama herufi U. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na waya na nguzo, ndiyo maana wengi hununua wowote. Wengine hupigilia msumari wa kawaida wa mbao na kuukunja juu ya waya. Huo hauna kinga yoyote. Mvua zetu za Novemba hadi Aprili huanza kuula mara moja.

Tafuta msumari uliopakwa zinki. Zinki huliwa kwanza ili chuma kisiliwe, hata pakiwa na mkwaruzo mdogo. Lakini zinki nazo si sawa. Msumari unaong'aa sana na ulio laini kwa kawaida umepakwa kwa umeme, na utando wake ni mwembamba mno. Uliochovywa katika zinki iliyoyeyushwa huwa wa kijivu, umefifia, na una vijibonge. Huo ndio wa kununua, kwa sababu utando wake ni mnene mara kadhaa.

Aidha, mti wenyewe una neno. Nguzo za misindano na milingoti zinazotiwa dawa huko Mafinga, zile zenye rangi ya kijani, zina shaba ndani yake. Shaba ikikutana na unyevu huharakisha kuliwa kwa zinki na chuma. Nguzo za miwati, ambayo ni mingi upande wa Njombe, zina maji makali yale yanayotumika kulainishia ngozi. Ukiona doa jeusi kuzunguka msumari, jua kuwa chuma kinaliwa. Kwa nguzo za aina zote mbili, zinki nyembamba ni hasara.

Sasa kupigilia. Msindano ni mti laini, hivyo utumie msumari mrefu kuliko wa mti mgumu. Uugeuze upande kidogo ili miguu yake miwili isiingie katika mstari mmoja wa nyuzi za mti, kwani nguzo itapasuka. Tena usigonge mpaka waya ukabanwa kabisa. Acha upenyo mdogo waya uteleze, maana nyundo ikiuponda huondoa zinki ya waya, na kutu itaanzia hapo hapo.

Ndugu msikilizaji, mahindi ya msimu mzima yanaweza kuliwa usiku mmoja, na ujirani wa miaka mingi ukavunjika asubuhi yake. Unapokwenda dukani, usiulize bei tu. Utazame msumari, uupapase, kisha ulipe.

Hadi juma lijalo, kwaherini.