Mbung'o na bakteria wake anayechakaa

Anayerudi nyumbani likizo na kupelekwa Serengeti huonywa mapema asivae bluu wala nyeusi, kwa sababu rangi hizo humvuta mbung'o. Mdudu huyu anajulikana kwa kueneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Lisilosemwa sana ni kwamba mbung'o mwenyewe hawezi kuzaa bila bakteria anayeishi tumboni mwake, na bakteria huyo amekuwa akiharibika kwa mamilioni ya miaka.

Jina lake Wigglesworthia, kwa heshima ya Vincent Wigglesworth, mtaalamu wa wadudu wa Uingereza. Makazi yake ni seli maalumu sehemu ya mbele ya utumbo. Mbung'o, awe dume au jike, hula damu tu maisha yake yote, na damu haina vitamini B za kumtosha. Bakteria ndiye anayeziba pengo hilo. Maabara zimeonyesha kuwa jike aliyelishwa antibayotiki za kumwua Wigglesworthia hubaki hai lakini tasa. Uzazi wenyewe ni wa ajabu: mbung'o hatagi mayai, bali hulea buu mmoja mmoja tumboni na kumlisha maziwa ya tezi yake. Bakteria huingia kwa mtoto kupitia maziwa hayo.

Kasoro inaanzia hapo. Katika kundi lote la bakteria walio kwa mama, ni sehemu ndogo tu inayovuka kwenda kwa buu, na nani avuke ni bahati tupu. Aliye na jeni nzima anaweza kuachwa, mwenye jeni iliyovunjika akapita. Bakteria wa mtoni au udongoni wapo kwa idadi kubwa mno, na dhaifu hupotea haraka. Ndani ya mdudu kundi ni dogo, mchujo umelegea.

Mwaka 1964 Hermann Muller, mwanajenetiki Mmarekani aliyekwisha kupata Nobeli mwaka 1946, alieleza hatari inayowakabili viumbe wasiochanganya jeni zao. Mtoto hurithi kasoro zote za mzazi na kuongeza zake. Ukoo wenye kasoro chache kuliko wote ukitoweka kwa ajali, hakuna njia ya kuuunda upya. Mwendo huo ni kama wa jeki ya gari: jino likishapita, halirudi. Bakteria walio huru huweza kupenya mtego huu kwa kuokota vipande vya DNA kutoka kwa wengine. Wigglesworthia aokote kwa nani? Majirani zake wote ndani ya seli hizo ni ndugu wa ukoo mmoja, wenye kasoro zilezile.

Kwa miaka mingi hoja hiyo ilibaki ya hesabu zaidi kuliko ya ushahidi. Mwaka 1996 Nancy Moran, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Arizona, aliipima kwa Buchnera, bakteria wa vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mboga. Aligundua kuwa jeni za Buchnera zinabadilika kwa kasi kuliko za jamaa zake walio huru, tena mengi ya mabadiliko hayo yanagusa protini zenyewe. Buchnera hujikimu kwa kutengeneza kwa wingi mno GroEL, protini inayosaidia protini nyingine zilizopinda kujikunja sawasawa. Hiyo ni dawa ya kutuliza maumivu, si tiba.

Mdudu naye hulipa. Mwaka 2007 ilitangazwa kwamba kupotea kwa herufi moja tu ya DNA ya Buchnera, mahali panapowasha jeni ya kukabili joto, kunatosha kumfanya kidukari aliyepigwa na joto utotoni azae watoto wachache au asizae kabisa. Herufi moja!

Mbung'o ana faida ya pekee kwa mtafiti, kwani ndani yake mara nyingi mna bakteria wawili walio katika hatua tofauti za safari hiyohiyo. Wigglesworthia ni mkongwe. Jenomu yake, iliyosomwa mwaka 2002, ina herufi zipatazo 698,000, ilhali E. koli wa matumbo yetu ana takriban milioni 4.6. Jeni zilizokufa zilishafutika. Mwenzake, Sodalis, ni mgeni: jenomu yake bado ni ya herufi milioni 4.2, lakini ilipochapishwa mwaka 2006 zilihesabiwa jeni mfu 972, na karibu nusu tu ya DNA yote ndiyo inayotengeneza protini. Sodalis ni nyumba ambayo vyumba vingi vimeshafungwa ila kuta hazijabomolewa.

Binadamu pia ana mfano wake. Bakteria wa ukoma huishi ndani ya seli zetu, na jenomu yake iliposomwa mwaka 2001 ilikutwa na jeni hai 1,604 na jeni mfu 1,116. Haoti katika sahani ya maabara, na huchukua takriban wiki mbili kugawanyika mara moja.

Je, mdudu hufanyaje mshirika wake akichakaa kupita kiasi? Wengine humbadilisha. Fukusi wa mahindi na mchele, yule anayeyapekecha magunia ghalani, hapo kale alikuwa na bakteria aitwaye Nardonella. Mahali pake palichukuliwa na jamaa wa Sodalis, kwa makadirio miaka 28,000 tu iliyopita. Bakteria huyo mpya humpa fukusi malighafi za kujengea gamba gumu, na gamba likishakomaa mdudu humwondoa kwenye utumbo. Mamia ya jeni zake tayari zimekufa.