Kula na Kura: Karatasi ya Kukunja katika Ufundishaji wa Matamshi

Tangu 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania. Watoto wengi wa Misungwi, hata hivyo, huanza shule wakiwa na Kisukuma, lugha isiyotofautisha /l/ na /r/. Kalamu na karamu kwao hutamkwa sawasawa. Kusahihishwa kila mara mbele ya wenzake humfanya mtoto anyamaze.

Karatasi ya mraba, iliyokunjwa pembe nne na kutiwa vidole, yafaa zaidi. Juu huandikwa kula, kura, mahali, mahari. Chini ya kila neno, fumbo lake. Mmoja husoma neno, mwenzake hufunua alilolisikia. Aliyetaka uchaguzi akapewa fumbo la chakula hucheka, hutazama tena herufi, kisha hutamka upya. Jicho hutangulia, sikio, pole pole, hufuata.