Mwezi, Mvua na Mpaka: Kupanga Likizo Nafuu Ziwani kutoka Busia na Tororo

Kila likizo ya shule inapokaribia, walimu, wauguzi na wafanyabiashara wa mpakani huniuliza itagharimu kiasi gani kuwapeleka watoto Mombasa. Huwa naanza kwa kuwafungulia ramani. Kutoka Busia hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 400, na kutoka Nairobi hadi Mombasa ni takribani 480 nyingine. Familia ya watu watano italipa tiketi kumi, kwenda na kurudi, na siku mbili kati ya hizo chache walizopewa kazini zitaishia kwenye kiti cha basi. Anayetoka Tororo ana kipande kingine cha barabara cha kuongeza. Fedha nyingi huwa zimekwisha kabla mtoto hajalowesha mguu.

Nawapenda watu wa pwani na bahari yao, na siku ukijaliwa nenda. Lakini anayetafuta mchanga, maji, upepo na utulivu, na mfuko wake ni mwembamba, ana Ziwa Victoria kusini mwa Busia. Ni ziwa la kilomita za mraba 68,800 hivi, la pili duniani kwa ukubwa kati ya maziwa ya maji baridi. Ukisimama ufukweni ukatazama kusini huoni ng'ambo. Matatu inakufikisha asubuhi, na ukitaka inakurudisha jioni.

Upande wa Uganda, mahali pa kwenda ni Majanji. Kutoka Busia ya Uganda unapitia Masafu na Lumino, na barabara hiyo siku hizi ni ya lami. Mtu wa Tororo anashuka kwanza hadi Busia, kisha anaunganisha gari. Upande wa Kenya una Sio Port, unayoifikia kupitia Funyula chini ya vilima vya Samia, na karibu yake bichi ya Bumbe. Mbele zaidi, katika Bunyala, kuna Port Victoria pamoja na bichi zake za Marenga, Mulukoba na Sisenye. Hii ni miji midogo ya wavuvi. Hakuna atakayekufuata na shanga, wala hakuna ngamia wa kupigia picha.

Utulivu huo una historia. Kapteni Macdonald alipopima njia ya Reli ya Uganda mwaka 1891 na 1892, Port Victoria ndiyo iliyotazamiwa kuwa mwisho wa reli ziwani. Baadaye mpango ukabadilishwa, njia ikaelekezwa kwenye ghuba ya kusini zaidi, na Desemba 1901 reli ikafika mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Kisumu ikapata gati, maghala na mahoteli. Port Victoria ikabaki na mitumbwi. Nikiwatembeza wageni pale huwaeleza jambo hili mapema, kwa sababu linawaonyesha kwa nini bei ni za wenyeji: mji haukujengwa kwa ajili ya mgeni, basi mgeni anakula na kulala kwa gharama ile ile ya mchuuzi wa samaki.

Mji wa wavuvi, hata hivyo, una kalenda yake, na asiyeijua anaweza kulipa nauli akakuta kelele badala ya utulivu. Kalenda hiyo ni mwezi wa angani. Omena, ambao Waganda huwaita mukene, huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi huelea na taa juu ya maji, samaki wakaifuata nuru, kisha nyavu zikawazunguka. Mbinu hiyo hufanya kazi vizuri usiku ukiwa wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, nuru ya taa humezwa na ya mbalamwezi na samaki hutawanyika, hivyo boti nyingi hupumzishwa na nyavu hushonwa. Kwa hiyo bichi moja ina sura mbili ndani ya mwezi mmoja. Siku za giza ni injini alfajiri, wanunuzi wenye magunia, wanawake wanaoanika omena juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani, harufu kali na biashara motomoto. Siku za mbalamwezi mchanga huwa wazi, watoto wanacheza, na usiku unaweza kukaa nje bila taa ukalitazama ziwa lote likimeremeta.

Kuna na wadudu. Wale sami wa ziwani, wanaopanda juu kama moshi mweusi na kuangukia kila taa, wengine wao huibuka kwa wingi baada ya mwezi kuandama. Hawaumi, lakini huingia machoni, puani na katika sahani ya wali. Mgeni aliyekuja kupumzika akikutana nao usiku wa kwanza huenda asirudi tena.

Basi shauri langu la kwanza kwa kila familia ni kutafuta tarehe ya mwezi mpevu kabla ya kuuliza bei ya chumba, kisha kwenda ndani ya siku tatu kabla au tatu baada yake. Anayetaka kununua omena wa kupeleka nyumbani afanye kinyume. Hao hupatikana tele wakati wa giza, na bei ya bichini siku hiyo haifanani na ya soko la Busia. Kutaka mambo yote mawili katika safari moja ni kujisumbua.

Upande wa Kenya kuna kalenda ya pili, ya serikali: uvuvi wa omena hufungwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai ili samaki wazaliane. Aprili na Mei ni miezi ya masika, kwa hiyo utulivu wake ni wa matope. Kipindi ninachokipenda mimi ni kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Julai: mvua imepungua na bichi za omena hazina pilikapilika. Wenye watoto shuleni hawana uhuru huo, nami siwaambii wawatoe watoto darasani. Kenya, Agosti hufaa. Uganda, likizo ya muhula wa pili kwa kawaida huanza baadaye kidogo, mwishoni mwa mwezi huo, kwa hiyo familia za pande mbili hazigombanii vyumba. Kuanzia Oktoba hadi mapema Desemba vuli huja, na hapo beba mwavuli.

Mvua ya ziwani nayo ina saa zake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani kwenda bara, na mawingu yakajikusanya juu ya vilima. Ndiyo maana Tororo hunyeshewa alasiri wakati Majanji kuna jua. Usiku mambo hugeuka. Upepo hutoka bara kwenda ziwani, ukakutana na mwingine katikati ya maji, na dhoruba kali za ziwa hili hutokea usiku na alfajiri. Ndizo zinazowaua wavuvi kila mwaka. Kwa mgeni maana yake ni hii: kama unataka kupanda boti, panda saa tatu au saa nne asubuhi, baada ya mawingu ya usiku kutawanyika na kabla upepo wa alasiri haujainua mawimbi. Kila mtu, pamoja na mtoto wa kubebwa, avae jaketi la kuokolea maisha linalomtosha. Nahodha akisema hana majaketi, shukeni. Hapo sikubaliani na hoja yoyote ya kubana matumizi.

Ulizia pia hali ya ufukwe wenyewe wiki ile unayokwenda. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kuipita rekodi ya 1964, na sehemu nyingi ambazo picha za zamani zinaonyesha mchanga mpana zikawa maji matupu au majani. Bunyala ina tatizo la ziada, kwa sababu Mto Nzoia hufurika na kukata barabara za Budalang'i. Piga simu kwa mtu aliye pale, umwombe picha ya leo.

Mpaka wenyewe si mgumu kwa aliyejiandaa. Tangu Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuingia katika nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Wengine waje na pasipoti. Busia ina kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018, ambapo maafisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, ukahudumiwa mara moja upande ule unaoingia. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Watoto wasio na kitambulisho ndio hukwamisha familia, kwa hiyo nenda uhamiaji wiki kadhaa kabla ukaulize hati yao ya kusafiria. Mzazi anayesafiri peke yake na mtoto awe na barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake.

Gari liache upande wako. Kulivusha kunahitaji kibali cha muda na bima inayotambulika ng'ambo, na kwa safari ya siku mbili gharama hizo hazijilipi. Vuka kwa miguu, panda teksi ya abiria upande wa pili. Na tafadhali, usivuke kwa mtumbwi. Ukiwa Sio Port unauona ufuo wa Uganda ng'ambo ya mlango wa Mto Sio, nao unaonekana kama wa kuogelea tu. Lakini mpaka umepita majini, askari wa doria wapo, na wavuvi wa pande zote mbili hukamatwa mara kwa mara kwa kuuvuka. Kama umeingia Uganda bila kupita uhamiaji, ubishi wa kuwa ulikuwa matembezini hautakusaidia.

Angalia pia siku za wengine. Tarehe 3 Juni ni sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, na siku za kabla yake mahujaji wanaokwenda Namugongo, wengine kwa miguu, hupita Busia na Malaba kwa maelfu. Nawaheshimu sana, na kwa sababu hiyo hiyo nakushauri usiende kuongeza foleni.

Pesa hupotea zaidi katika kubadilisha kuliko katika kununua. Miaka ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa kati ya 23 na 35 za Uganda. Tuseme kiwango halali cha siku ni 28, nawe ukakubali 26 kwa mtu wa barabarani kwa sababu una haraka. Katika shilingi 10,000 za Kenya umeacha 20,000 za Uganda, ambazo zingesaidia kulipa samaki wa familia. Tazama kiwango kwenye simu kabla hujafika mpakani, badilisha katika duka lenye leseni, hesabu mbele ya dirisha, na ubadilishe kiasi unachohitaji tu, kwa kuwa kurudisha salio ni hasara ya pili. Zima pia data ya simu unapokaribia mpaka. Simu hunasa mtandao wa nchi jirani hata wewe ukiwa bado kwenu, na salio likaondoka bila taarifa.

Kwenye chakula sina mengi. Ngege wa kukaanga kwa ugali au kalo, sukuma wiki, chai. Nunua samaki bichini, mpe mama wa hotelini akupikie, mkubaliane bei ya mkono wake mapema. Chumba ulizia kwanza mjini Busia na kisha ziwani, ulinganishe pamoja na nauli ya kila siku: mara nyingine chumba cha mjini kilicho rahisi kinageuka ghali ukikijumlishia matatu za watu watano.

Kifungu cha afya usikifute kwenye bajeti. Malaria ya ukanda huu ni kali. Kaunti ya Busia ilikuwa kati ya kaunti nane za Kenya zilizoanza majaribio ya chanjo ya malaria kwa watoto mwaka 2019, na Tororo imefanyiwa utafiti wa ugonjwa huo kwa miaka mingi kwa sababu maambukizi yalikuwa juu mno. Beba chandarua chako. Kunywa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa.

Halafu kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi yaliyotulia, penye majani na matete, na huingia kupitia ngozi nzima isiyo na jeraha kwa dakika chache tu. Jua la mchana ndilo huvitoa kwa wingi. Kwa hiyo pale penye matete, ambapo watoto hupapenda kwa sababu mawimbi hayafiki, ndipo pabaya, na ndipo viboko na mamba hujificha karibu na midomo ya mito. Njia salama kabisa ni kucheza mchangani na kuogea maji yaliyochotwa na kukaa siku mbili kwenye pipa, au yaliyopashwa moto vizuri. Familia nyingi hazitavumilia kulitazama ziwa kwa macho tu, nalielewa hilo. Basi mkiingia, tafuteni mahali pa wazi penye mchanga na mawimbi, asubuhi, kwa muda mfupi, na mtu mzima akiwa ndani ya maji pamoja na watoto.

Walioingia majini wamwone mhudumu wa afya wiki sita hadi nane baada ya safari, hata kama hawaumwi. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokwisha kukomaa. Ukiimeza siku ya kurudi, walio wachanga hubaki. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani siku ile ile mnayorudi, na fedha ya kituo cha afya itengwe pamoja na nauli tangu mwanzo.