Taka za Nyumbani: Mali Inayoteketezwa Nyuma ya Jiko

Katika mashamba mengi ya Kiambu, Murang'a na Vihiga, siku huanza kwa ufagio. Ua hufagiwa, na majani makavu, maganda ya viazi, majivu, makopo na vipande vya plastiki hukusanywa pamoja nyuma ya jiko, kisha hutiwa moto. Ua huwa safi, na wenye nyumba huona kwamba kazi imekwisha. Lakini mvua inapokaribia, mwenye shamba yuyo huyo huenda dukani kununua gunia la mbolea kwa fedha alizozipata kwa shida. Hatambui kwamba sehemu ya mbolea yake amekwisha kuiteketeza yeye mwenyewe kila asubuhi.

Kosa si kuwa na taka, kwa maana hakuna nyumba isiyokuwa nazo. Kosa ni kuzichanganya. Ganda la ndizi likiwa peke yake ni chakula cha udongo, na chupa ikiwa peke yake yaweza kuuzwa. Vikichanganywa, ganda halifai shambani kwa sababu lina vigae vya chupa, na chupa hainunuliwi kwa sababu ni chafu. Basi kazi ya kwanza ni kutenga, nayo hufanywa mlangoni pa jiko, kabla kitu chochote hakijatupwa.

TAKA ZINAZOOZA

Maganda ya matunda na mboga, mabua ya mahindi, magugu, majani ya chai yaliyokwisha kutumiwa na samadi, vyote hivi vyafaa kufanywa mboji. Chagua mahali penye kivuli, pasipotuama maji. Tandika chini mabua na vijiti ili hewa ipite. Juu yake weka tabaka la majani makavu, kisha majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha samadi, majivu kidogo, na udongo wa juu kiasi cha kufunika. Nyunyizia maji, uendelee hivyo hivyo mpaka lundo lifike kifuani mwa mtu. Mwisho lifunike kwa majani makavu au ya mgomba, ili jua lisilikaushe na mvua isilioshe.

Chomeka fimbo ndefu ndani ya lundo. Baada ya siku chache ichomoe na kuishika: ikiwa ina joto, kazi inaendelea vema. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Ikinuka vibaya, maji yamezidi, na yafaa lundo ligeuzwe. Geuza baada ya majuma matatu, kisha baada ya majuma matatu mengine. Kwa kawaida, katika muda wa miezi mitatu hivi mboji huwa tayari, nyeusi, yenye harufu ya udongo wa msituni.

Usitie nyama wala mafuta, kwani huleta panya na mbwa. Usitie mimea ya nyanya au viazi iliyokufa kwa mnyauko, maana lundo lisipopata joto la kutosha ugonjwa hurudi shambani.

VITU VYA KUTUMIWA TENA

Kopo lililotobolewa chini hufaa kwa kuoteshea miche. Magurudumu ya gari yaliyochakaa hukatwa yakawa viatu vya akala, na mafundi wa jua kali hufua majiko kwa mabati ya mapipa makuukuu. Vyuma, chupa na plastiki ngumu vina wanunuzi wake, mradi viwe safi na vikavu. Makopo yasiachwe uani yakajaa maji, maana humo huzaliwa mbu.

Hata hivyo, kutumia tena kuna mpaka wake. Mafuta ya taa yasitiwe kamwe katika chupa ya soda, kwani mtoto mwenye kiu haulizi. Na chombo kilichokuwa na dawa ya kuua wadudu kisichukue maji wala maziwa, hata kikioshwa mara ngapi. Kisuuzwe mara tatu, maji hayo yatiwe katika bomba la kunyunyizia dawa, kisha kitobolewe ili mtu mwingine asikitumie.

TAKA ZA HATARI

Plastiki isichomwe uani: moshi wake una sumu, nao huwaingia kwanza watoto na mama aliye jikoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Ng'ombe akila mfuko, hukwama tumboni na waweza kumwua. Betri zisitiwe motoni wala chooni. Ziwekwe katika kopo lenye kifuniko mpaka zipelekwe mahali zinapopokelewa. Vigae vya chupa na mabaki mengine yasiyo na kazi vifukiwe katika shimo lililo mbali na kisima, umbali wa mita 30 au zaidi, na kufunikwa kwa udongo.

FUNZO LA DANDORA

Karani aishiye mjini aweza kudhani kwamba mambo haya ni ya mkulima tu. Na aitazame Dandora, jijini Nairobi. Jaa la huko lilifunguliwa katika miaka ya 1970, na mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Hata hivyo taka ziliendelea kumwagwa. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa habari za uchunguzi wa watoto 328 wa maeneo ya karibu: nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi. Watoto hao hawakutupa taka hizo. Zilitoka katika nyumba za watu wengine.

Mwaka 2022 Kenya ilipata Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, inayotaka taka zitengwe zikiwa bado nyumbani. Lakini hakuna askari awezaye kusimama katika kila jiko. Ndoo mbili zatosha kuanzia, moja ya vitu viozavyo na moja ya vikavu, pamoja na kopo la vitu vya hatari. Wahenga walisema akiba haiozi; hii ni akiba ya namna nyingine, ambayo faida yake huonekana ikiisha kuoza.