Uunganishaji wa funksheni

Uunganishaji wa funksheni katika hisabati ni kuchukua jibu la funksheni moja na kuliingiza katika funksheni nyingine. Funksheni yenyewe ni kanuni inayoipa kila namba inayoingizwa jibu moja tu. Namba mbili zinaweza kupata jibu lile lile, lakini namba moja haiwezi kuwa na majibu mawili. Alama f(x) ilianzishwa na Leonhard Euler mwaka 1734.

Nchini Tanzania somo hili hufundishwa sekondari kwa Kiingereza. Hata hivyo mwanafunzi amekwisha kukutana na suala la utaratibu wa matendo shule ya msingi, kupitia neno MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa.

Utaratibu

Katika uchimbaji mdogo wa dhahabu mikoani Geita na Shinyanga, mapato mara nyingi hugawanywa kati ya mwenye duara (shimo la kuchimbia) na wachimbaji. Tuseme gharama ya karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, ni shilingi 200,000, na mgawo ni nusu kwa nusu. Hapo kuna funksheni mbili:

f(x) = x − 200,000
g(x) = x ÷ 2

Mapato yakiwa 1,000,000, kutoa gharama kwanza ndipo kugawa kunaleta g(f(x)) = 400,000 kwa kila upande. Kugawa kwanza, kisha kutoa gharama kwenye fungu la wachimbaji, kunaleta f(g(x)) = 300,000; mwenye duara anaondoka na 500,000 na wachimbaji wamelipa karasha peke yao. Tofauti kati ya majibu hayo mawili ni 100,000 daima, mapato yawe makubwa au madogo.

Kosa la kawaida ni kusoma g(f(x)), ambayo huandikwa pia g∘f, kuanzia kushoto. Inayotangulia kufanya kazi ni f, iliyo karibu na x.

Utaratibu hauleti tofauti kila mara. Kuanzia mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Kuzidisha kwa 0.94 kisha kwa 0.99, au kinyume chake, kunatoa jibu lile lile: 0.9306. Lakini hilo si jibu sahihi la makato haya, kwa kuwa yote mawili hukokotolewa kutoka thamani ya awali. Kinachobaki ni 0.93. Kwa mzigo wa shilingi 10,000,000 aliyeunganisha funksheni amekosea kwa 6,000.

Matendo ya viingizo viwili

Tendo la namna hii huchukua vitu viwili na kutoa kimoja, kama kujumlisha. Uunganishaji nao ni tendo la aina hiyo juu ya funksheni: mabano yanaweza kuhamishwa, h∘(g∘f) = (h∘g)∘f, ila nafasi haziwezi kubadilishwa ovyo.

Wastani, a*b = (a + b) ÷ 2, una tabia ya kinyume. Hapa a*b = b*a, lakini mabano yana uzito. Chukua mafungu matatu ya mawe yenye uzito sawa, yenye gramu 4, 8 na 16 za dhahabu kwa tani:

(4*8)*16 = 6*16 = 11
4*(8*16) = 4*12 = 8

Wastani halisi ni 28 ÷ 3, karibu 9.3. Njia ya kwanza inahesabu fungu la mwisho kana kwamba lina uzito sawa na yale mawili ya kwanza kwa pamoja.