Kompyuta Ikikataa Programu: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kutoa Dawa



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia ya kazi, mavumbi, malaria na maji ya kunywa. Leo tutazungumza juu ya kompyuta, ile wengi wetu tunaiita ordinateri. Usigeuze ukurasa ukisema: «Hiyo ni habari ya watu wa ofisi.» Ukifika mwisho utaona kwamba ni habari ya yule anayeshuka shimoni pia, na ya mtoto anayeletwa kupata chanjo.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU SOTE

Wazee waliofanya kazi SOMINKI, kampuni iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za madini za Kivu na Maniema, wanakumbuka vitabu vikubwa vya kuandikwa kwa kalamu. Leo sehemu kubwa ya vitabu vile imehamia ndani ya kompyuta. Orodha ya zamu imo humo. Maporomoko yakitokea, waokoaji huuliza kwanza: chini wamo wangapi, na ni nani? Ndani yake pia mna fishi ya dispensere: dawa ambayo mwili wako hauivumilii, tarehe ya sindano ya mtoto, idadi ya vidonge vilivyobaki kabatini.

Tena kila mwezi vituo vya afya hutoa hesabu ya wagonjwa kwa zoni ya afya. Upande wa Masisi tuna zoni za Masisi, Kirotshe, Mweso na Katoyi. Upande wa Walikale tuna Walikale, Pinga, Kibua na Itebero. Hesabu hizo huingizwa katika DHIS2, programu iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway, na ambayo wizara ya afya ya nchi yetu inaitumia. Kompyuta ya kituo ikilala wiki mbili, kuhara kunaweza kuenea kijijini wakati hesabu bado haijafika kwa wakubwa.

Basi kompyuta ikikataa programu mpya, si karani peke yake anayepata hasara.

KUWEKA PROGRAMU NI KAZI GANI?

Wengi hudhani programu ni kitu kimoja, kama nyundo: unakitia ndani, kwisha. Sivyo. Programu ya ofisi, ya kuandika barua au kupiga hesabu, ni mamia ya faili. Kila faili ina mahali pake, na kompyuta hujiandikia katika daftari lake la ndani kwamba faili fulani imewekwa pale. Ni kama kujenga nyumba. Unahitaji mambo manne:

Kwanza, kiwanja, yaani nafasi ya kutosha.
Pili, ruhusa ya mwenye mji.
Tatu, vifaa vilivyofika kamili bila kupungua njiani.
Nne, utulivu: mafundi wawili wasigombanie ukuta mmoja, wala kazi isikatizwe katikati.

Moja likikosekana, kompyuta hukataa na kuonyesha maandishi ya kosa. Ofisi yenye kompyuta nyingi zilizounganishwa kwa nyaya, huku faili zikitunzwa katika kompyuta kubwa iitwayo seva, ina jambo la tano: njia ya kufika kwenye seva lazima iwe wazi.

NAMBA YA KOSA NI KAMA KIPIMO CHA HOMA

Mgonjwa akija na homa, hatumpi dawa ya malaria kwa kumtazama usoni tu. Tunachoma kidole, tunasoma kipimo, ndipo tunatibu. Homa moja, magonjwa mengi. Kompyuta vilevile. Makarani wengi wakiona kosa hufunga maandishi upesi, halafu wanajaribu tena mara tano, mara kumi. Hiyo ni kumnywesha mgonjwa dawa ileile iliyokwisha kushindwa.

Kosa likitokea, usifunge. Chukua kalamu. Andika maneno yote kama yalivyo, hata kama ni Kifaransa usichokielewa, na namba yake, na saa. Kama una simu, piga picha. Fundi aliye Goma au Bukavu akipata namba hiyo anaweza kukusaidia kwa simu, bila kusafiri siku nyingi katika matope. Ukimwambia tu «inakataa», hana la kufanya.

Hizi ni namba zinazoonekana mara nyingi katika kompyuta za Windows:

Namba 5: umenyimwa ruhusa. Maandishi husema «Accès refusé». Kompyuta haikuumwa, inalinda kabati lake. Mwite mwenye ufunguo wa msimamizi.

Namba 112: nafasi haitoshi. Hamisha picha na filamu zisizo za kazi, umwage takataka za kompyuta, ndipo urudie.

Namba 53: njia ya kwenda kwenye seva haionekani. Tazama waya kwanza, kisha kisanduku kinachogawa mtandao. Huenda kimezimwa tu, au panya amekula waya.

Namba 1612: faili ya asili haipo tena mahali ilipokuwa. Mara nyingi mtu ameihamisha kutoka seva bila kuwaambia wenzake.

Namba 1618: kuna programu nyingine inayowekwa wakati huohuo. Pengine Windows yenyewe inajirekebisha. Ngoja imalize, kisha zima na kuwasha upya.

Namba 1603: hii ni kama «maumivu ya tumbo», ina sababu nyingi. Sababu za kawaida ni mbili: toleo la zamani halijaondolewa vizuri, au kompyuta haina ruhusa ya kuandika katika folda ile. Ondoa la zamani, washa upya, jaribu kwa ufunguo wa msimamizi.

Namba 3010: huu si ugonjwa. Kazi imekwisha, kompyuta inaomba tu kuzimwa na kuwashwa upya.

Kuna tena jambo la biti 32 na biti 64. Hizo ni aina mbili za programu. Programu za ofisi za Microsoft za aina hizo mbili hazikai pamoja katika kompyuta moja. Uliza ile iliyopo ni ya aina gani kabla ya kuleta nyingine. Uliza pia umri wa Windows: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ikakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Programu mpya inaweza kukataa kuingia katika nyumba ya zamani.

MARADHI YA HUKU KWETU

Vitabu vya mafundi vimeandikwa kwa watu wenye umeme usiku na mchana. Sisi huku mara nyingi tunategemea gurupe, yaani jenereta, au mbao za jua. Kwa hiyo tuna maradhi yetu.

1. Umeme kukatika katikati. Programu inabaki nusu, na nusu hiyo ndiyo huzuia ile utakayoweka kesho. Kabla ya kuanza, uliza gurupe lina mafuta ya saa ngapi. Tumia onduleri, ile betri ya akiba, na usianze kazi hiyo dakika za mwisho kabla ya kuzima.

2. Tarehe kupotea. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo ya mviringo, kama sarafu, inayotunza saa wakati umeme haupo. Ikifa, kompyuta huamka ikidhani ni mwaka wa zamani. Hapo hati za usalama za mtandao huonekana hazifai, kama dawa ambayo tarehe yake haijulikani, na leseni ya programu hukataliwa. Watu huhangaika siku nzima, kumbe kosa liko kwenye saa. Itazame tarehe kwanza!

3. Intaneti nyembamba. Mahali pengi intaneti hutoka kwa setilaiti na hugawanywa na ofisi nzima. Kompyuta kumi zikivuta faili kubwa pamoja, zote hukwama, na faili hufika zikiwa na upungufu. Vuta faili mara moja, itunze kwenye seva, kisha nakili katika kila kompyuta kabla ya kuanza kuiweka.

4. Unyevu na mavumbi. Msitu wa Walikale una unyevu, na mavumbi ya machimbo huingia hata ofisini. Feni ikizibwa, kompyuta hupata joto na kujizima katikati ya kazi. Safisha kwa brashi laini, umeme ukiwa umezimwa na waya umechomolewa. Kile kisanduku cha umeme kilicho ndani usikifungue kamwe: hutunza umeme hata baada ya kuchomolewa, nao unaweza kuua.

JIHADHARI NA DAWA YA SOKONI

Mnajua hatari ya vidonge vinavyouzwa juani bila karatasi. Programu nazo zina wachuuzi wake. Mtu anakuja na flashi, anasema: «Ninayo bila kulipa, na ufunguo wake ni huu.» Kisha anakuambia uzime kwanza kinga ya virusi. Ndugu, daktari wa kweli hamwambii mgonjwa avue neti usiku ili apone! Ufunguo wa bandia mara nyingi huficha kirusi, na katika mtandao kompyuta moja ikiugua huambukiza nyingine, kama mabomba ya maji yanayotoka tangi moja.

Hili si tishio la kutunga. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea katika nchi nyingi. Kilifunga faili za watu na kudai fedha. Hakikuhitaji mtu abonyeze kitu: kilitoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao, kikiingia katika zile zisizokuwa na marekebisho ambayo Microsoft ilikuwa imekwisha kuyatoa mwezi Machi mwaka uleule. Nchini Uingereza mashirika ya afya yasiyopungua 81 kati ya 236 yalivurugika, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa. Kama hospitali zile, zenye mafundi na fedha, zilipata shida, sisi tufanye uangalifu mara mbili.

Asiye na fedha za leseni hana haja ya kuiba. LibreOffice ni programu ya kuandika na kupiga hesabu iliyo ya bure kwa halali, na hufungua faili nyingi za Word na Excel.

UTARATIBU WA MATIBABU

Karani, bandika haya ukutani:

1. Nakili kazi zote muhimu kabla ya kugusa lolote. Nakala moja isiunganishwe na mtandao.
2. Toa karatasi ya orodha ya zamu na ya dawa zilizobaki.
3. Tazama tarehe, nafasi, umeme na waya.
4. Jaribu kwenye kompyuta moja tu. Ikikubali na kufanya kazi siku nzima, nenda kwa nyingine.
5. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha matano, hutajua lipi lilileta nafuu.
6. Andika katika daftari: siku, namba ya kosa, ulilofanya, matokeo. Mwenzako wa zamu nyingine atakushukuru.
7. Neno la siri la msimamizi ni kama ufunguo wa kabati la dawa kali. Halibandikwi ukutani wala halipewi rafiki.

NA WEWE USIYEGUSA KOMPYUTA

Mama, baba akileta nyumbani kompyuta ndogo ya kazi, watoto wasichomeke humo flashi ya filamu. Hapo ndipo kirusi hupanda gari kwenda ofisini kesho yake. Na ukileta mtoto dispensere, njoo na kadi yake ya chanjo kila mara. Kadi ile haihitaji umeme.

Nawe mchimbaji, utasikia siku moja mlangoni: «Kompyuta imekufa, shukeni tu, tutawaandika baadaye.» Usikubali. Mwambie kapita kwa heshima: «Tuandike kwanza katika daftari.» Jina, namba ya kazi, saa ya kushuka, na ukipanda, saa ya kupanda. Dakika mbili tu za kalamu. Kompyuta inaweza kungoja fundi hadi wiki ijayo, lakini mtu aliyefunikwa na udongo hawezi kungoja watu wabishane juu kama alishuka au hakushuka.

Kinga ni bora kuliko tiba. Kazi njema na usalama kwa wote.

Msaidizi wa mganga, dispensere ya kampuni