Betri Inapokataa Chaji Kisiwani

Kisiwa cha Songo Songo, ambacho gesi yake iligunduliwa mwaka 1974 na tangu 2004 husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme, kimezungukwa na bahari ambayo hewa yake ya chumvi ni hasimu wa kila betri, iwe ya taa ya mvuvi, ya sola, au ya yale magari madogo yabebayo wacheza gofu. Basi kabla ya kuituhumu betri kwamba imekufa, vitazamwe kwanza vichwa vyake. Kwani ukungu mweupe uliogandamana hapo huuzuia umeme kupita, nao huondoka kwa maji ya magadi, baada ya nyaya kufunguliwa, ule wa hasi ukitangulia.

Kisha ipimwe kwa mita, ikiwa imepumzika saa kadhaa: betri ya risasi ya volti 12 iliyoshiba huonyesha takriban 12.6, na iliyo chini ya 12 imekwisha nguvu. Hapa ndipo wengi hudanganyika, na hasara yake yanisikitisha; maana chaja nyingi za kisasa, zikikuta volti zimeanguka mno, hukataa katakata kuanza kazi, na mwenye mali akadhani chaja imeharibika, akanunua nyingine, ilhali aliyehitajika ni fundi wa kuiamsha betri taratibu.

Betri zenye vifuniko vya kufunguliwa ziongezwe maji maalumu yasiyo na madini, abadan si ya kisima, nazo zichajiwe mahali penye hewa, mbali na moto, kwa sababu haidrojeni itokayo humo hulipuka.